Marahaba Isiyokuwa Yangu

Mmenichosha kwa maswali, rafiki zangu. Kila nikikaa barazani ni yale yale: "Hamadi, mwezi mzima ulikuwa wapi? Mbona umerudi umekonda, na joho lako linanuka samaki?" Nikianza kujibu, mmoja ananikata kauli, mwingine anataka habari za viboko tu. Basi nimeshika kalamu. Someni kwa zamu, na asiyejua kusoma asomewe. Ila msirukie mwisho, maana mwishoni nina ombi kwenu.

Mwanzo wake mnaujua, mlikuwapo. Ilikuwa hitima ya Bi Rehema, Mungu amrehemu, na mimi ndiye niliyeomba dua. Nilisoma vizuri, mkaitikia amina, mpaka nikafika pa kumtaja marehemu. Nikasema, "Mama yangu aliyenizaa," na koo likafunga pale pale. Nikasimama nimeachama mbele ya watu, hadi mmoja wenu akanishika mkono akanikalisha. Mkasema ni msiba, utapita.

Haukupita. Dukani nikishona kanzu niliongea kama kawaida, na mteja akinichokoza nilipiga kelele hadi mtaa wa pili. Lakini nikisimama kusoma maulidi au dua, sauti ilikuwa inakatika. Kisha usingizi ukanikimbia, moyo ukawa unanidunda bila sababu, chakula kikawa kichungu. Nikamshonea mtu kola mgongoni. Mwalimu wetu wa hapa akaniandikia kombe, aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, nikayanywa siku saba. Akanipa na hirizi. Wapi! Nanyi mkasema ni husuda, mkamtaja hata hasidi mwenyewe kwa jina, maskini wa Mungu, mtu ambaye hakunikosea lolote.

Ndipo nikasikia habari za Mwalimu Mbwana wa Saadani, mganga wa kitabu, nikafunga safari.

Kivuko cha Kingani

Nilitoka Bagamoyo baada ya sala ya alfajiri, nimevaa kanzu mpya, joho la marehemu baba na kilemba. Mgonjwa anayekwenda kutafuta dawa ana haja gani ya joho? Mimi nilikuwa nayo. Nilitaka kila nitakayekutana naye ajue mimi ni nani.

Mtoni nilikwama hadi alasiri. Kiboko jike alikuwa na mwanawe katikati ya njia ya mitumbwi, na mvushaji akaapa hatii kasia majini mpaka mama huyo aondoke kwa hiari yake. Ng'ambo walikuwa wamekaa wapagazi waliotoka bara na pembe zao za ndovu, miezi na miezi njiani, sasa wanauona moshi wa Bagamoyo na hawawezi kuufikia. Waliimba, wakachoka, wakalala juu ya mizigo.

Mvushaji huyo ana desturi yake. Kabla hujapanda hukuuliza jina lako na jina la mama yako.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Ukizama nijue pa kupeleka kilio."

Nikamwambia, "Mimi Hamadi bin Salehe. Mama yangu Bi Rehema."

"Yu hai?"

"Amekufa."

"Basi wewe usizame," akasema, "maana kilio chako hakina wa kukipokea."

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka. Hapa niwaambie kwa urefu jambo ambalo hadi siku ile sikuwa nimemwambia mtu, na msiponisalimu tena nitaelewa. Bi Rehema alinilea, hakunizaa. Aliyenizaa ni suria wa baba yangu, mwanamke wa Uzigua aliyenunuliwa wakati wa njaa, nyumbani kwetu akiitwa Faida. Baba alipokufa nilikuwa na miaka saba. Sheria ilimwacha huru kwa kuwa amemzalia bwana wake mtoto, naye akarudi kwao. Bi Rehema hakujaliwa kuzaa, akasema mtoto wa Salehe atakulia nyumba ya Salehe. Mtaa ukasahau, nami nikausaidia kusahau.

Kwa hiyo pale kivukoni nilijua kwamba kilio changu kina wa kukipokea. Nikavuka bila kumsahihisha.

Winde

Winde nilifika kesho yake mchana, miguu imevimba, kumbe joho limenitangulia. Watu waliniona kwa mbali wakadhani nimetoka kwenye ukoo wa Mtume. Mzee mmoja akanibusu mkono. Nikataka kumwambia, "Si mimi, baba." Sikumwambia. Alipobusu wa pili nikawa nimeshazoea.

Wakaniandalia wali wa nazi na samaki wa kupaka, mimi ambaye nyumbani nilikuwa sipitishi tonge tatu. Siku hiyo nilikula, nawaambia kweli, nilikula kama mtu aliyeambiwa chakula kinapigwa marufuku. Nilipomaliza kula wakaniomba niwasomee dua. Nikasimama, koo likafunga. Wao wakainamisha vichwa. Walidhani nimezama katika kumcha Mungu.

Akaja bibi mmoja mkongwe, goti limevimba kama fenesi, akaniomba niliwekee mkono. Nikaliwekea. Lilikuwa la moto. Akafumba macho, akasema "Alhamdulillahi" kwa imani iliyonitia baridi. Asubuhi alinipa kuku wake, na nilipoangalia uani kwake sikuona kuku mwingine. Nikamchukua, nikamla njiani. Sitaki kusema zaidi.

Wami

Mto Wami ulikuwa umejaa. Mvua ilinyesha bara, maji yakashuka mekundu na magogo na nyasi, na wavushaji wakavuta mitumbwi juu wakalala. Nilikaa siku tatu katika kibanda cha makuti pamoja na mbu na mfanyabiashara mmoja wa chumvi aliyekoroma mchana. Chakula kilikuwa muhogo wa kuchoma na ng'onda, samaki wa kukaushwa juani. Siku ya pili nilianza kuona tamu.

Mtu akikaa siku tatu bila kazi wala mtu wa kumpumbaza, nafsi yake humjia kumhesabia. Mimi ilinijia na siku moja tu, na nyinyi mmo ndani yake.

Mama aliyenizaa alikuwa akija kila mwaka baada ya mavuno, na maboga, na choroko, na mkeka aliousuka. Aliingia kwa mlango wa uani. Aliniangalia, akaniuliza, "Umekula?" Nikimjibu ndiyo, akaongea na Bi Rehema kidogo, akaenda zake. Miaka sita iliyopita Bi Rehema alikuwa arusini, mlango wa uani umefungwa, mama akazunguka mbele. Sisi tulikuwa barazani tunakunywa kahawa. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kuvaa kilemba na kusoma maulidi, mnaniita mwalimu. Akatokea pembeni mwa nyumba, miguu ina vumbi, mkeka kichwani.

Mmoja wenu akauliza, "Nani huyu?"

Nikasema, "Mjakazi wetu wa zamani."

Alisikia, hakuwa mbali. Akautua mkeka, akainama, akasema mbele yenu nyote, "Shikamoo, bwana."

Salamu hiyo mtumwa humpa bwana wake, na mtoto humpa mzazi wake, na anayeitika marahaba ndiye mkubwa. Mama yangu aliona nimesema uongo, akaufanya uonekane kweli ili nisiaibike mbele ya rafiki zangu. Alinistiri. Nami nikaitika, "Marahaba."

Akageuka akaondoka. Hakuja tena mwaka ule wala miaka iliyofuata. Mkeka aliuacha pale pale, na ndio huo wenye ukili mwekundu mnaogombania kuukalia hadi leo.

Pale Wami nililia mpaka mtu wa chumvi akaamka akaniuliza nimeumwa na nini.

Saadani

Mwalimu Mbwana nilimkuta amekaa mlangoni, shavu limevimba kwa jino, mdomoni ana karafuu. Nilianza kujitambulisha kwa ukoo na vyeo, akanikatisha kwa mkono.

"Jino linaniuma, bwana. Nipe jina lako na la mama yako."

Waganga wa kitabu wote wa pwani ndivyo wafanyavyo, mnajua. Nyota ya mtu huhesabiwa kwa jina lake na la mama yake. Jina la baba haliulizwi. Mwalimu wetu wa hapa naye aliniuliza hivyo hivyo, na nilimjibu kama nilivyomjibu huyu: "Hamadi, mwana wa Rehema."

Akatandaza mchanga juu ya bao, akapiga alama kwa kidole, akahesabu, akafuta, akahesabu tena. Akaniangalia kwa hasira.

"Huyu mtu ni mzima," akasema. "Hana homa, hana pepo, hana hasidi. Kamlete mgonjwa."

"Mgonjwa ni mimi, mwalimu."

"Mgonjwa ni wewe, lakini wewe si huyu. Umekunywa makombe mangapi?"

"Ya siku saba."

"Umemnywea mtu mwingine dawa yake. Mama yako nani?"

Nikataka kukasirika, nikakosa nguvu. Nikamweleza yote, hata marahaba. Nikamaliza, "Jina lake Faida."

Alitoa karafuu mdomoni, akaitupa. "Faida ni jina alilopewa na mnunuzi. Mimi nataka aliloitwa na mama yake."

"Silijui."

"Basi nenda kamuulize."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Rudi Bagamoyo ukashone kanzu, unyamaze hivyo hivyo mpaka ufe. Mficha maradhi kifo humuumbua." Kisha akaingia ndani na shavu lake, akaniacha na bao la mchanga.

Nililala Saadani siku mbili. Siwadanganyi, nilitafuta kila sababu ya kurudi. Niliogopa kwamba amekufa, na niliogopa zaidi kwamba yu hai.

Njia ya Uzigua

Aliyenichukua ni mwanamke aitwaye Sikudhani, mchuuzi anayenunua samaki wakavu Saadani na kwenda kuwabadilisha kwa mahindi huko bara. Nilimwambia namtafuta mwanamke aliyerudi kutoka pwani zamani, msusi wa mikeka.

"Mswahili!" akasema. "Ndivyo watoto wa kule wanavyomwita. Yuko ng'ambo ya mto Mligaji. Wewe nani kwake?"

Nikarekebisha kilemba. "Namfahamu."

Alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Haya, bwana wa kumfahamu. Mimi nina vikapu viwili na kichwa kimoja. Beba hiki."

Nikakibeba. Siku mbili na nusu nilipanda na kushuka vichaka na kikapu cha samaki kichwani, maji ya samaki yakinitiririka mgongoni, juu ya joho la marehemu baba. Sikudhani alikuwa nyuma yangu akinicheka. "Shingo yako haijui mzigo, bwana joho. Mama yako hakukufundisha?" Tukikutana na watu, anasema nao Kizigua, wote wanacheka, na mimi sielewi hata neno. Hiyo ni lugha ya mama yangu, nami nilikuwa nimesimama katikati yake kama mgeni kutoka Bara Hindi.

Siku ya pili tulikaa kula ugali baridi. Sikudhani akaacha utani, akaniuliza taratibu, "Ni mama yako, siyo?"

"Ndiyo," nikasema. Ukimtoa Mwalimu Mbwana, ilikuwa mara yangu ya kwanza kulikiri jambo hilo kwa mtu tangu nipate akili. Ngurumo haikupiga. Sikudhani alinisogezea kipande chake cha samaki.

Kwa mama

Alikuwa amekaa mlangoni anasuka ukili wa mkeka. Amezeeka, lakini mikono ile ile. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, ya kwanza yakiwa shikamoo. Aliliona joho kwa mbali, akasimama, akakung'uta nguo, na kabla sijafungua mdomo akasema:

"Shikamoo, bwana."

Koo likafunga. Sikuweza kuitika, wala sikuweza kusema langu. Nikasimama na kikapu cha Sikudhani kichwani.

Baadaye nikasema, "Mama, ni mimi, Hamadi."

"Nakujua," akasema. "Umekula?"

Alinipikia ugali wa mtama na majani ya kunde. Hakunilaumu wala hakuniuliza nimefuata nini. Nilipomwambia Bi Rehema amekufa, alilia sana, akasema alikuwa mtu mwema. Akanitandikia mkeka mpya. Asubuhi nilipotoka nje, tayari yuko uani, na akawahi: "Shikamoo, bwana." Kesho yake nikaamka mapema zaidi, nikakuta amekwisha kwenda kisimani na kurudi, akaniwahi tena. Hakuisema kwa kinyongo, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliisema kwa upole, kama mtu anayekirudisha kitu cha watu mahali pake.

Siku ya tatu sikungoja. Alfajiri nikavua joho, nikavua kilemba, nikachukua mtungi wake nikaenda kisimani mimi. Wanawake waliokuwako waliniona nikipishana nao, wakashikana mabega kwa kicheko. Mwanamume, tena wa pwani, anateka maji! Sikujua kuutua mtungi wala kuutwika, nusu ya maji nikajimwagia. Nilipofika uani mama alikuwa ndiyo anatoka mlangoni. Nikauweka mtungi chini, nikapiga magoti kwenye tope nililolimwaga mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika. Alikaa kizingitini, akaniangalia.

"Siku ile barazani," akasema, "uliitika upesi."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilisema ili nikustiri. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa najiambia, laiti angalinyamaza. Asinijibu neno, anyamaze tu. Ningalirudi mwaka wa pili."

Nikalia kama nilivyolia nilipokuwa na miaka saba, naye akalia. Jirani akachungulia akaenda zake. Kisha mama akaniwekea mkono kichwani, kwenye nywele zisizo na kilemba.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Tulikaa pale mpaka jua likapanda. Nikamwambia habari ya Mwalimu Mbwana na jina. Akacheka kidogo. "Tangu njaa ile iliyonipeleka pwani, hakuna mtu wa pwani aliyeniuliza. Hata baba yako, na alikuwa akinipenda. Mimi Mwamvua. Nilizaliwa siku mvua iliponyesha baada ya ukame, mama yangu akasema nimekuja nayo."

Mwamvua. Nina miaka thelathini na nne, na ndiyo kwanza nalisikia.

Kurudi

Mwalimu Mbwana jino lake lilikuwa limeng'olewa, na tabia yake imepoa kiasi. Akapiga bao kwa jina la Hamadi mwana wa Mwamvua, akatikisa kichwa, akasema, "Naam. Huyu ndiye mgonjwa." Akaniandikia kombe, nikanywa. Mkiniuliza kilichoniponya ni kombe au ni ile marahaba ya uani, sijui, wala sitaki ugomvi na mwalimu.

Winde nilikwenda moja kwa moja kwa yule bibi. "Bibi, mimi si sharifu. Mimi fundi wa kanzu, mwana wa mwanamke aliyeuzwa. Mkono niliokuwekea haukuwa na kitu."

"Nimejua," akasema, "maana goti bado linaniuma. Kuku wangu yuko wapi?"

"Nimemla, bibi."

"Ebo! Basi kaa hapo, nguo zangu zimechanika." Nilimshonea nguo siku mbili, na kuku nimempelekea wawili kwa mkono wa wachuuzi. Siku ya mwisho aliniambia nimeshona vizuri kuliko nilivyoomba dua.

Kingani mvushaji akaniuliza swali lake. Nikamjibu, "Hamadi, mwana wa Mwamvua. Yu hai, yuko Uzigua, na nikizama atalia." Akanitazama kama aliyenikumbuka, akasema, "Haya, panda."

Alhamisi iliyopita mlinisikia nikiomba dua. Nilimwombea Bi Rehema aliyenilea, kisha nikamwombea Mwamvua aliyenizaa, nikasema alikuwa nani katika nyumba yetu. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka mpaka mwisho. Watu wawili waliondoka kabla ya kahawa, mmoja ni wa baraza letu. Sina kinyongo naye. Mimi mwenyewe nilimkimbia mama miaka sita. Usingizi ninalala. Kola nazishona mahali pake.

Sasa ombi langu. Mavuno yakiisha mama atakuja, na safari hii atapita mlango wa mbele. Nimemsihi aje kama mwenye nyumba. Lakini namjua. Akiwaona mmekaa barazani na vilemba vyenu, atautua mzigo wake na kuanza yeye. Basi msimngoje. Mkimwona tu anatokea pembeni mwa nyumba, inukeni nyote juu ya ule mkeka, mumtangulie kumwamkia.